Mkono wa Mheshimiwa

Saa za bunge Mama Prezida hakuuza kitambaa. Mteja angeweza kusimama mbele yake na kitenge begani na pesa mkononi, naye angemwinulia kidole tu bila kumtazama: ngoja. Wateja wa Kizulu walidhani anasali, wakasubiri kwa adabu. Wakongo wenzake walijua anachofanya, nao walikuja kukaa kwenye benchi langu wakanieleza magonjwa ya simu zao mpaka spika atangaze mapumziko.

Tuligawana chumba kimoja cha duka pale Overport, mjini Durban, yeye mbele na majora yake ya vitenge, mimi nyuma ya kabati la kioo na meza yangu ya kutengenezea simu. Kwa sisi wageni mpango huo ni wa kawaida: mlango mmoja, biashara mbili, na ubishi wa kila asubuhi wa nani hajafagia. Mimi ni mtu wa Kigoma. Yeye ni wa ng'ambo ya ziwa, ndani kabisa, kwenye mto ambao sijawahi kuuona lakini kwa jinsi alivyousimulia ningeweza kuuchora. Miaka yote ile sikuwahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao la Isipingo, na mwenyekiti wa kike kwa Wakongo ni Mama Prezida, ukubali usikubali. Hata Anko, mwenye jengo, Mhindi aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale, alimpigia saluti kila alipokuja kuangalia paa linalovuja.

Bunge alilolitazama halikuwa la hapa. Lilikuwa la kwao Kongo, linarushwa mtandaoni, na picha ilikwama kila mtandao ulipochoka. Aliegemeza simu kwenye jora, akavaa miwani, akaanza kumtafuta mtu mmoja. Wale wengine wote, mamia ya waheshimiwa kwenye viti vyao, kwake walikuwa abiria tu wa basi ambalo mwanawe amepanda.

"Kaka, njoo uone. Si ni yeye ule, nyuma ya ule wa kofia?"

"Simwoni, Mama Prezida."

"Macho yako inazoea skurubu. Batu hauwaoni."

Alikuwa na methali aliyoipenda kuliko zote, asiyekuwepo na lake halipo, na aliitupia kila mtu: mbunge wake, waimbaji wa kwaya waliochelewa mazoezi, hata mimi nilipokosa kufungua Jumamosi. Lakini yeye mwenyewe sijapata kuona mtu mchelewaji kama yule. Mikutano ya kina mama aliyoiitisha kwa mdomo wake alifika watu wameshachoka kumngoja, akiwa na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, kichwani, na wote wakamsamehe kwa sababu ya harufu. Aliwalaani wabunge waliosinzia kikaoni, tena kwa sauti, kisha baada ya chakula cha mchana alilala juu ya majora mdomo wazi. Nilipomwambia, alisema yeye halipwi na wananchi.

Huyo mbunge wake, Mheshimiwa, tulimfahamu kabla hajawa mheshimiwa. Alisoma hapa Durban, alipanga chumba juu kidogo ya barabara yetu, na kila Jumapili baada ya ibada alikula kwa Mama Prezida. Alikuwa kijana mpole, mwenye kucheka haraka. Kioo cha simu yake nilikibadilisha mimi. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu: kuandika, kushika kikombe, hata kula ugali, na hilo la mwisho wazee wa Isipingo hawakulimeza. Mmoja aliwahi kuhama meza. Mama Prezida alisimama na mwiko wake akawaambia, "Mungu njo alimupatia ule mkono. Mumuache akule." Kijana akaendelea kula kwa kushoto, mbele yao wote, na tangu siku hiyo alimwita Mama bila kuongeza kitu.

Akamaliza masomo, akarudi kwao, akapata kazi mjini, akaingia siasa. Siku moja alipiga simu dukani. Mama Prezida alikuwa na tabia ya kuweka sauti ya nje kwa kila simu, kwa hiyo habari za ukoo wake nilizijua kuliko za ukoo wangu.

"Mama, nataka kugombea. Lakini upande wenu wa mto sina mtu. Unishike mkono."

Kushikwa mkono kule kwao si maneno ya heshima tu. Mgeni haendi peke yake mbele ya wazee wa ukoo kuomba kura, kama vile bwana harusi asivyokwenda peke yake kuomba mke. Lazima mtu wa palepale amlete, aseme huyu ni wangu, nami nasimama kwa ajili yake. Akiharibu, hawamtafuti yeye. Wanamtafuta aliyemleta, na watoto wa aliyemleta wanasikia maneno kisimani.

Mama Prezida alikunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Nikikushika mkono, utasema juu ya daraja?"

"Mama, kikao cha kwanza. Swali langu la kwanza kwa waziri litakuwa la daraja."

"Apa."

"Naapa, Mama."

Daraja hilo lilikuwa limechukuliwa na mafuriko. Zahanati iko ng'ambo moja ya mto, na ng'ambo ya pili, kwenye nyumba ya wakwe, alikuwa binti yake wa pekee. Alimwacha mdogo kwa bibi yake wakati wa kukimbia vita, akidhani ni kwa miezi michache, na binti akakulia kulekule, akaolewa kulekule. Mimba yake ya kwanza ilimshika uchungu mto umejaa. Wanaume walimbeba kwenye machela kuutafuta mtumbwi, mtumbwi haukuthubutu, na mtoto akafia njiani. Mama Prezida alipokea habari hiyo akiwa pale mbele, anampimia mteja kitambaa. Alimaliza kupima, akakata, akafunga, ndipo akaniomba nifunge mlango.

Kwa hiyo ukisikia watu wanasema alikuwa na wazimu wa siasa, usikubali. Siasa hakuijua wala hakuitaka. Alitaka daraja, ili siku binti yake atakaposhikwa tena, avuke.

Wazee wa ukoo walikusanyika, simu ikawekwa juu ya kigoda katikati yao, na Mama Prezida akamtambulisha mgombea akiwa Overport, nyuma ya kaunta, huku mabasi yakipiga honi nje. Alizungumza vizuri mno. Kisha kwa wiki kadhaa aliwapigia jamaa mmoja mmoja kuwakumbusha namba yake kwenye karatasi ya kura na picha yake, yule mwenye tai nyekundu. Yeye mwenyewe hakuwa na kura. Kule hayupo, huku si raia. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo ule ulifanya kazi, kwa maana upande wa mto kura zake zilijaa na Mheshimiwa akaingia bungeni.

Kikao cha kwanza kikapita bila swali. "Mtoto mugeni kwa masomo hawezi kusema siku ya kwanza," alisema, na mimi nikakubali. Kikao cha pili kikapita. Akasema labda bado anajifunza njia za pale. Alianza kumuuliza kila Mkongo aliyepita dukani jinsi swali linavyoingizwa bungeni, nani analipanga, linakaa muda gani, na kila mtu alimpa jibu lake kwa uhakika mkubwa, na majibu hayakufanana.

Jumapili aliitoa ripoti. Kanisa lao liko ghorofani karibu na stendi ya Isipingo ya taksi, daladala za huku, na wakati wa matangazo makondakta wa chini huitia Durban, Durban, mpaka mchungaji hulazimika kurudia. Baada ya matangazo ya vikundi, Mama Prezida alisimama. Mwanzoni watu walimsikiliza kwa shauku, maana wengi walitoka maeneo yaleyale, na kijana wao kuwa bungeni kulikuwa kama wao wenyewe kuwa bungeni. Aliwaambia onorable wiki hii amefika siku fulani na fulani, amekaa mpaka mwisho, hakusema. Wiki iliyofuata, amefika, hakusema. Baada ya muda vijana wa kwaya walianza kumsaidia. Alipofungua mdomo tu, sauti kutoka nyuma ilisema, "Hakusema!" na kanisa zima likaanguka kicheko. Yeye alicheka pia, kidogo, akamaliza ripoti yake, akaketi. Nilihudhuria mara chache, mimi Mwislamu niliyealikwa kwa ajili ya sombe, na mara zote nilitamani kumvuta gauni akae mapema.

Anko naye alikuwa na maoni. Siku moja alimkuta ameganda kwenye simu akauliza ni mechi gani. Nilipomweleza kuwa anamfuatilia mbunge wa kwao, mmoja, aone anavyopiga kura, alivuta kiti.

"President, mimi nimepiga kura hapa tangu walipoturuhusu," alisema kwa Kiingereza chake cha Durban. "Ninachagua chama. Chama kinapeleka majina. Ukiniuliza mbunge wangu ni nani, sijui hata sura yake. Wewe una mtu, una sura, una namba ya simu. Una bahati, wewe."

Nilimtafsiria. Mama Prezida alimtazama kwa huruma ya kweli, kama umtazamavyo mtu aliyekuambia hana ndugu.

"Umuulize, sasa akikosewa anamulilia nani?"

Anko alifikiri, akasema eish, hajui. Akatoka kwenda kuangalia paa.

Sasa niseme habari ya mkono, maana ndiyo iliyotula. Kufika kwa Mheshimiwa tuliweza kukuona, na kusema tungekusikia, kama kungekuwepo. Kupiga kura ndiko kulikotushinda. Kule bungeni kwao, mara nyingi wanapiga kwa kunyoosha mikono. Spika anauliza wanaokubali, mikono inapanda, kamera inapita juu yao kama mtu mwenye haraka, makarani wanahesabu, na inasomwa jumla. Nani alinyoosha na nani alitulia, hakuna anayekuambia. Nilimtafutia kila mahali mtandaoni. Nilikuta jumla tu.

Ni yeye aliyepata njia, akiwa anakata kitenge. Alisimamisha mkasi.

"Kaka. Ule mutoto anatumia kushoto."

Nilielewa palepale. Katika mamia ya mikono ya kulia inayopanda, wa kushoto utajitokeza. Tukarudisha video ya kikao kilichopita. Nikaisimamisha, nikaikuza mpaka watu wakawa madoa, nikaisogeza tena mbele kidogo. Tukauona. Viti vya nyuma, mkono wa suti nyeusi, wa kushoto, juu, na kichwa chenyewe kimefichwa na kilemba cha mama aliyeketi mbele. Mama Prezida alipiga vigelegele mpaka wa saluni ya jirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Tangu hapo tulikuwa na rekodi. Ripoti ya Isipingo ikapata mwili. Mkono wa kushoto ulikubali hili, ulikataa lile. Ulibaki chini siku ya sheria ya ushuru wa mpakani iliyowatisha kina mama wachuuzi, na Mama Prezida aliwaambia watu kanisani, "Munaona? Hasemi, lakini anafikiri." Vijana wa kwaya waliacha kucheka. Mimi mwenyewe, ambaye sheria za Kongo hazinihusu ndewe wala sikio, nilijikuta nikiwahi dukani siku za kura. Nilianza kumheshimu yule mtu. Alinyoosha taratibu, bila kutazama jirani zake, na akishanyoosha hakushusha mpaka wote wamehesabiwa.

Ikaja siku ya bajeti. Msomaji wa kamati alisoma barabara na madaraja ya kila mkoa kwa sauti ya kuchosha, na katikati ya usomaji huo akalitaja jina la mto. Mama Prezida alinishika mkono akaminya. Spika akauliza wanaokubali. Mkono wa kushoto ukapanda.

Alifunga duka. Nami nilifunga, kwani mlango ni mmoja. Akampigia binti yake akamwambia daraja limepita, mwenyewe ameona kwa macho yake, onorable amenyoosha. Kule kijijini walipiga ngoma. Binti yake, aliyekuwa ameogopa miaka yote kubeba mimba tena, alimwambia mama yake sasa atathubutu.

Mwaka ukaisha na hakuna mtu aliyepeleka hata msumari kwenye ule mto.

Halafu Mheshimiwa akaja Durban. Alikuwa na mkutano wake wa mambo mengine, na jumuiya ikapata ahadi ya jioni moja. Walipanga ukumbi Isipingo, kina mama wakashona sare, na nani apike kama si Mama Prezida? Alipika siku nzima. Binti yake alikuwa ameshamwambia kwenye simu, nami nikisikia kwa ile sauti ya nje, kwamba tumbo sasa linaonekana. Kwa hiyo nilijua anachokwenda kuuliza, na nilikwenda kwa sababu hiyo.

Mheshimiwa alikuwa amenenepa vizuri. Alimkumbatia mbele ya watu wote akasema huyu ndiye aliyenilisha, bila huyu mimi si kitu, na machozi yakamlengalenga, nami naamini yalikuwa ya kweli. Wakamketisha meza ya mbele, Mama Prezida ubavuni pake. Maji ya kunawa yakaletwa. Akanawa, akamega ugali, akala.

Niliona uso wa Mama Prezida kabla sijaona sababu.

"Mukono wako iko wapi?" aliuliza.

"Mkono upi, Mama?"

"Unakula na kuume."

Akacheka kile kicheko chake cha haraka. "Ah, Mama, nilishaacha. Wakati wa kampeni wazee walinisumbua sana. Mtu atasalimia machifu na kushoto? Nilijifunza. Siku hizi hata kuandika ni kuume."

"Na kwa bunge? Kunyoosha?"

"Kuume, Mama. Kama watu wote."

Tangu kampeni. Ina maana tangu kabla ya kuapishwa. Mama Prezida alitazama sahani. Mimi nilijaribu kuhesabu ni kura ngapi tulizokuwa tumeshangilia na nikaacha.

"Siku ya bajeti," alisema, "ile yenye daraja. Ulinyoosha?"

Mheshimiwa alifikiri kwa uaminifu. Hilo lazima niliseme, hakudanganya. "Bajeti ile… nadhani nilikuwa safarini, Mama. Lakini ilipita, si ndiyo?"

"Na swali kwa waziri?"

"Niliandika. Iko kwenye foleni. Mama yangu, bunge si kama unavyoliona kwenye simu."

Mtu akaja kumwomba picha, akasimama, na ikawa ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nilikuwa na hasira hata chakula kikanishinda. Nilitaka apige kelele, amwage sufuria, afanye kitu. Aliinuka akaenda kuongeza wali kwa wageni, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji na wageni walikuwa wanakula.

Tulirudi mjini kwa taksi moja. Alinigeukia tuliposimama kwenye roboti, taa nyekundu, dereva anapokea simu.

"Kaka, sasa ule mwingine ni nani? Ule wa kushoto."

"Sijui, Mama."

"Ni mutu muzuri."

"Ni mtu mzuri sana."

"Basi kuna batu fulani kule, wako na deputé muzuri, na hawajui." Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya sare, na abiria wengine wakageuka kututazama.

Hakulitazama bunge tena. Simu ilikaa mfukoni, kitenge kikauzwa saa zote, na duka likawa la kuchosha. Kanisani hakusimama tena baada ya matangazo, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Kabla mwezi haujaisha alihamia Pinetown kwa dada yake, ambako kulikuwa na kazi ya kushona. Majora yaliyobaki aliyachukua mama mmoja wa Bujumbura ambaye hana maneno.

Juzijuzi nilikwenda Pinetown kuchukua vioo vya simu, nikapita kumwamkia. Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka la ushonaji, anashona vifungo vya mashati ya kiwandani. Amepungua. Alinitania kwamba nimezeeka, nami nikamwambia ni kwa kufagia peke yangu. Kisha nikauliza nililokuwa naliogopa kuuliza kwa simu.

"Binti alijifungua salama?"

"Alivuka," alisema.

Akanisimulia bila kuacha kushona. Uchungu ulimshika mto umejaa hadi juu ya mawe. Mtumbwi ulikataa kama ule wa zamani. Lakini uchaguzi ulikuwa umerudi, ilikuwa wiki ya kampeni, na Mheshimiwa alikuwa ng'ambo na boti ya mashine aliyoikodi kuzungukia vijiji. Alisikia kelele akaja. Akaingia majini na suruali yake, wakambeba binti wakampandisha, wakamvusha. Nguo za binti zilikuwa zimelowa, wakamvika fulana ya kampeni yenye sura ya mgombea. Mtoto akazaliwa zahanatini, mwanaume, mzima.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Amina. Kwa ile wiki ile, binti ya jirani yao naye akashikwa uchungu. Boti ilikuwa imeenda tayari kijiji ingine." Alikata uzi kwa meno. "Walimuzika na mutoto wake pamoja."

Chini barabarani taksi zilikuwa zinagombea nafasi.

"Wazee waliweka simu tena pa kigoda," aliendelea. "Banasema, Mama, mutu wako amerudi. Tumupokee, ao tumukatae? Banangojea mudomo yangu. Na mi nilikuwa na kila kitu ya kusema, Kaka. Nilikuwa nimeipanga tangu Isipingo. Alafu nikasikia, pale nyuma ya wazee, mutoto analia. Mutoto wangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mumupokee." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze. "Daraja ingevusha bote. Boti ilivusha wangu. Sasa nitakataa na mudomo gani?"

Basi akashinda, upande wa mto kura zikajaa kama mwanzo, na yuko bungeni hivi ninavyoandika. Swali sijui kama liko kwenye foleni bado. Nilitaka kumwambia hakukosea, kisha nikataka kumwambia alikosea, na yote mawili yalikuwa kweli.

Kwa desturi ya upande wa baba, mtoto aliyeokolewa anabeba jina la aliyemwokoa. Walimpa siku ileile, bila kumwuliza bibi yake wa Durban, na bibi alikataa kulitamka. Miezi mingi alimwita mtoto tu: mtoto amekula? Mtoto anatambaa? Binti yake alimwacha. Tatizo, aliniambia, ni kwamba mtoto sasa ameanza kulijua jina lake, na ukimwita kwa jingine hageuki.

Wakati naaga, simu yake ikalia. Ilikuwa video. Binti yake alionekana nusu uso, akamsogeza mtoto mbele, mtoto akawa anatazama pembeni, kuku au kitu kama hicho. Mama Prezida aliweka shati chini. Alisema mtoto, mtoto we, na mtoto hakugeuka. Picha ilianza kukwama. Akanitazama, akalitazama jengo la ng'ambo ya barabara, halafu akaisogeza simu karibu na mdomo, akamwita kwa jina la Mheshimiwa, lote, la kwanza na la ukoo, kwa sauti ya bibi anayembembeleza mjukuu. Akaliita tena kwa nguvu zaidi kwa sababu ya mtandao, na mtoto akageuka akamchekea.